Mtambo Mmoja wa Simu, Wateja Wengi: Mipaka Ndiyo Usalama

Simu za ofisini zinapopita katika mtandao wa intaneti, mtambo mmoja huweza kuzihudumia hospitali, mamlaka ya maji na benki kwa pamoja. Gharama hupungua. Swali la msingi ni iwapo usiri wa mwananchi unabaki salama.

Jibu limo katika usanidi. Kila mteja hutengewa mtandao pepe, yaani njia yenye mipaka yake ndani ya waya ule ule. Kiwango cha kimataifa cha 802.1Q huruhusu njia hizo 4,094. Aidha, kila mteja huwa na jedwali lake la uelekezaji, kwa kuwa taasisi mbili huweza kutumia anwani za ndani zinazofanana.

Lipo pia suala la ukomo wa simu. Mteja mmoja akifurikwa na simu bila kuwekewa ukomo, anayepiga hospitalini huenda asipate laini.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi kuzilinda taarifa za wananchi. Kwa hiyo, utenganishaji huo usiachwe kwa hiari ya fundi. Uandikwe katika mkataba na ukaguliwe kabla ya simu ya kwanza kupokelewa.