Kifusi ni Mali: Haja ya Kuponda na Kukatakata Taka za Ujenzi Papo Hapo Katika Kaunti za Meru na Embu

Utangulizi

Msafiri anayefuata barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, hakosi kuona dalili za ujenzi kila anapopita. Nguzo za zege zimechomoza nondo kuelekea juu zikisubiri ghorofa ijayo. Mawe ya kuchongwa yamepangwa kando ya barabara. Vibanda vya mabati vya zamani vinabomolewa ili kupisha maduka ya orofa. Miji ya Meru na Embu, ambayo hadi mwaka 2013 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki, sasa ni makao makuu ya kaunti mbili zinazojisimamia, na ugatuzi umeongeza kasi ya kujenga afisi, masoko, mabweni ya wanafunzi na nyumba za kupangisha.

Hata hivyo, kando ya kila jengo jipya kuna lundo ambalo halionyeshwi katika ramani ya msanifu: vipande vya mawe, zege lililovunjwa, mbao zilizokwisha kazi, mifuko ya saruji, mabati yenye kutu na matofali yaliyopasuka. Lundo hilo lazima liende mahali fulani, na kuliondoa kuna gharama. Makala haya yanashikilia kwamba njia ya kupunguza gharama hiyo haiko katika kutafuta jaa la mbali zaidi wala lori la bei nafuu zaidi. Iko katika kuipeleka mashine kwenye taka badala ya kuzipeleka taka kwenye jaa. Aidha, yanadai kwamba jambo hili, ingawa linaonekana kuwa la wahandisi peke yao, linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pia, kwa sababu zitakazobainika.

Gharama iko wapi?

Mwenye jengo hulipa mara nyingi bila kutambua. Hulipa vibarua wa kupakia, hulipia lori na mafuta yake, hulipa ada ya jaa pale inapotozwa, kisha hununua kokoto na mawe ya kujaza msingi yaletwe na lori jingine. Yaani hulipa ili jiwe litoke, na hulipa tena ili jiwe liingie.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Nyumba ya zamani inabomolewa na kutoa tani 70 za mawe na zege. Lori linalobeba tani 7 litahitaji safari 10 ili kuondoa kifusi hicho. Jengo jipya nalo linahitaji tani 50 za kujaza chini ya sakafu na kutengeneza njia ya magari, nazo ni safari 8 za kuingia. Jumla ni safari 18. Iwapo tani 50 za kifusi zingepondwa papo hapo na kutumika katika kazi hiyohiyo, zingebaki tani 20 tu za kuondolewa, ambazo ni safari 3. Safari 15 zingekuwa zimeokolewa, pamoja na bei ya kokoto ambazo hazikununuliwa. Kutokana na hesabu hii, mwenye jengo anapata kipimo rahisi: ikiwa kukodi mashine, mwendeshaji wake na mafuta yake kunagharimu chini ya safari hizo 15 na kokoto hizo, basi mashine ina faida, ikiwa kunagharimu zaidi, haina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na taka ni sehemu ya mali hiyo.

Mbao zina hesabu tofauti, na ni muhimu zisichanganywe na mawe katika mjadala. Lori la mawe hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa. Lori la vipande vya mbao na matawi hujaa kabla halijafikia kikomo cha uzito, kwa kuwa sehemu kubwa ya nafasi yake ni hewa iliyo baina ya vipande. Kuponda mawe hakupunguzi uzito wake hata kidogo. Faida yake ni kuyafanya yatumike yalipo. Kukatakata mbao kunapunguza nafasi inayochukuliwa, hivyo safari nyingi huwa chache hata kama taka hizo bado zinaondolewa. Anayeuza mashine kwa kuahidi kwamba itapunguza gharama za kila aina ya taka kwa kiwango kimoja hasemi ukweli wote.

Mashine na mipaka yake

Mashine za kuponda zege na mawe hutumia taya mbili za chuma zinazobana na kuvunja. Nyingi zina sumaku inayochomoa nondo, na chuma hicho huuzwa kama chuma chakavu. Mashine za kukatakata mbao hutumia meno au visu vinavyozunguka. Zote mbili zinaweza kufungwa juu ya magurudumu au minyororo na kuhamishwa kutoka kiwanja hadi kiwanja, lakini moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine: jiwe moja likiingia katika visu vya mbao huviharibu. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa hufanywa na mikono, nayo ni kutenganisha. Lundo lililochanganywa mawe, mbao, plastiki na udongo halifai kwa mashine yoyote.

Kuna vitu visivyopaswa kuingizwa kabisa. Mabati ya asbesto yaliyoezekwa katika majengo mengi ya umma ya zamani ni hatari, na Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinaiweka asbesto katika kundi la taka hatari. Kuisaga ni kurusha hewani nyuzi zinazosababisha saratani ya mapafu. Vivyo hivyo, mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa hazifai kukatwakatwa na kutandikwa katika zizi la ng'ombe au banda la kuku, wala kuchomwa jikoni.

Matumizi ya kifusi kilichopondwa nayo yana mipaka. Kokoto zitokanazo na zege la zamani hunyonya maji zaidi kuliko kokoto mpya. Zinafaa kujaza chini ya sakafu, kutengeneza tabaka la chini la barabara, njia za miguu na mitaro ya kupitisha maji. Hazifai kuingizwa katika nguzo na mihimili ya ghorofa bila kupimwa katika maabara. Nchi ambayo imeshuhudia majengo yakiporomoka na kuua watu haina nafasi ya kufanya majaribio katika nguzo.

Somo kutoka shambani

Wapo watakaosema kwamba mashine hizi ni za Ulaya na Nairobi, na kwamba mjenzi wa Maua au Siakago hawezi kuzimudu. Ni kweli kwamba mwenye kiwanja kidogo chenye lori mbili za kifusi hana sababu ya kununua mashine, wala hata kuikodi peke yake. Lakini wakulima wa eneo hilihili walikwisha kulipatia tatizo la namna hii ufumbuzi. Msimu wa mavuno unapofika, mashine ya kupukuchua mahindi huvutwa na trekta kutoka boma hadi boma. Hakuna anayemtaka kila mkulima anunue yake. Mwenye mashine hulipwa kwa gunia, mkulima huokoa siku nyingi za kazi, na mashine hailali.

Utaratibu huo unaweza kuhamishiwa kwenye ujenzi, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu ujenzi haufanyiki kwa siri. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga apate idhini ya serikali ya kaunti. Hii ina maana kwamba kaunti inajua, au inapaswa kujua, ni viwanja vingapi vitabomolewa na kujengwa Nkubu au Runyenjes katika miezi ijayo. Kinachohitajika ni kumtaka mwombaji aeleze katika fomu yake taka zake zitakuwa kiasi gani na zitakwenda wapi, kisha kupanga ratiba ya mashine kwa mitaa: wiki hii Makutano, wiki ijayo Nkubu. Kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu zimo katika jumuiya moja ya kiuchumi ya eneo la Mlima Kenya na Aberdare. Mashine moja inayopita barabara moja ingeweza kuhudumia kaunti tatu badala ya kila moja kununua yake na kuiacha ikiota kutu uani.

Sheria ipo

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika Ibara ya 42, na katika Jedwali la Nne inazipa kaunti jukumu la uondoaji wa taka na majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi kwa kuzitaka kaunti kuanzisha vituo vya kurejesha malighafi zilizomo katika taka. Msingi wake ni kwamba taka ni malighafi iliyokosa mahali. Kituo cha aina hiyo si lazima kiwe jengo lenye uzio pekee. Mashine inayotembea inaweza kutangulia na kukipunguzia mzigo.

Gharama ya kutotekeleza haya haionekani katika stakabadhi ya mjenzi, bali huonekana mtoni. Kifusi kisichopata jaa la karibu hutafuta bonde la karibu. Mto Kathita unaopita Meru na Mto Rupingazi ulio kandokando ya mji wa Embu hatima yake ni Mto Tana, na watu wa nyanda za chini hunywa, hunywesha na kumwagilia kwa maji hayo. Mjenzi anayemwaga kifusi ukingoni hajapunguza gharama; amempelekea jirani yake hati ya malipo.

Pingamizi la haki

Pingamizi zito zaidi halihusu fedha za mwenye jengo. Linahusu wale wanaopata riziki kwa nyundo. Kandokando ya barabara nyingi za Kenya huonekana wanawake na vijana walioketi juu ya marundo ya mawe, wakivunja kokoto kwa mkono na kuziuza kwa ndoo au toroli. Mashine inayofanya kwa saa moja kazi yao ya siku nyingi ni tishio kwao, na si haki kulipuuza tishio hilo kwa jina la maendeleo.

Jibu si kuikataa mashine, kwa kuwa kuvunja mawe kwa mkono kunaharibu macho, mapafu na migongo, na hakuna mzazi anayemrithisha mwanawe nyundo hiyo kwa furaha. Jibu ni kuuliza mashine itakuwa mali ya nani. Kazi ya kutenganisha inahitaji watu wengi. Kazi ya kuuza kokoto inahitaji wanaowajua wanunuzi. Wavunja kokoto wakiungana katika chama cha ushirika na kupewa na kaunti nafasi ya kwanza ya kuimiliki au kuiendesha mashine hiyo, watabadilisha nyundo kwa usukani. Wakiachwa nje, gharama itakayopungua kwa mwenye jengo itakuwa imelipwa na mnyonge. Vumbi na kelele navyo havina budi kudhibitiwa kwa kunyunyiza maji, kuweka saa za kazi, na kuwapa wafanyakazi barakoa, la sivyo usumbufu wa jaa utakuwa umehamishiwa mlangoni pa majirani.

Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Sheria zote zilizotajwa zilitungwa kwa Kiingereza. Mwashi, seremala, dereva na kibarua huzungumza Kimeru au Kiembu nyumbani na Kiswahili kazini. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini onyo lililobandikwa kwenye mashine ya hatari bado huandikwa kwa lugha ambayo huenda anayeiendesha hawezi kuisoma.

Tena si suala la kutafsiri neno moja. Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautisha kazi hizi kwa usahihi: kuponda, kusaga, kukatakata na kuchanachana. Zege hupondwa, mbao hukatwakatwa, mifuko huchanwachanwa. Kitenzi kisicho sahihi katika mwongozo wa mashine kinaweza kupeleka jiwe palipostahili kwenda ubao. Kwa kufuata ruwaza ya maneno kama kipimajoto na kinasasauti, istilahi kama kipondakifusi na kikatambao zinaweza kupendekezwa, zikajaribiwa kwa mafundi wenyewe kabla ya kuingizwa katika kamusi. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko mwendo mfupi kutoka viwanja hivyo vya ujenzi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa istilahi ataipata akiuliza fundi anaitaje kila kitu kilichomo katika lundo.

Hitimisho

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Meru na Embu kuta zinajengwa kila siku, na ufa uliopo ni wa namna taka zake zinavyoondolewa. Mashine ya kuponda na kukatakata papo hapo haitamaliza tatizo hilo peke yake. Inahitaji taka zilizotenganishwa, ratiba ya kaunti, wavunja kokoto walioshirikishwa na maelezo yanayosomeka. Hayo yakitimizwa, jiwe la nyumba ya babu litakuwa msingi wa nyumba ya mjukuu, na lori litabaki na kazi ya kubeba kile tu ambacho kweli hakina kazi. Lugha ya Kiswahili ina jina la hicho kinachobaki. Vyote vingine viliitwa taka kabla ya wakati wake.