Utungaji Bila Kutunga: Mtihani wa Msingi Machoni pa Mwalimu wa Ifakara

Katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi, sehemu ya Utungaji kwa miaka mingi imempa mtahiniwa sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa herufi A, B, C na D. Sentensi si zake, wala kisa si chake. Ametakiwa kupanga, kutunga hakutakiwa.

Sababu zipo, nazo ni nzito. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja kila mwaka, na tangu 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania husahihisha kwa mashine. Mwaka huo hata Hisabati ikawa ya kuchagua. Mashine haichoki, wala haiulizi mtoto ni wa nani. Mtoto wa Mngeta hupimwa sawa na wa Dar es Salaam, haki ambayo mwalimu wa bondeni hawezi kuibeza.

Ila darasa hufuata mtihani. Sisi tunaofundisha Kiswahili twajua kwamba muhula wa mwisho insha huwekwa kando, mazoezi ya kusiliba herufi yakashika nafasi. Mtoto anayeshinda juu ya dungu akiamia ndege katika mpunga, anayesimulia vizuri jinsi mto Kilombero unavyofurika hadi mashambani, aweza kuhitimu bila kuandika ukurasa mmoja wa habari hizo. Kidato cha kwanza atadaiwa insha, tena kwa Kiingereza. Maswali machache ya kuandika jibu yameongezwa miaka ya karibuni. Ni hatua njema, lakini jibu la maneno matatu si insha.

Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu kutawaliwa na mitihani tangu 1967, katika Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo nafasi za sekondari zilikuwa chache, na mtihani ulikuwa chujio. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi, minne ya sekondari. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027. Chujio litakuwa halina wa kumchuja.

Basi iongezwe aya moja ya insha. Walimu wa Mlimba wasahihishe za Ifakara, kwa mwongozo mmoja wa Baraza. Mashine iendelee na mengineyo. Posho na siku za kusahihisha zitagharimu, hilo halifichiki. Lakini kundi la 2027 tayari limo madarasani, na muundo wa mtihani wake ukitangazwa mapema, madaftari ya insha yatarudi mezani.