Kumwachia Mwenzako Kazi Si Kuitupa



Mwezi huu hatuanzi na dalili za ugonjwa. Tunaanza na tabia yetu sisi tunaouguza: kutaka kila jambo lipite mikononi mwetu.

Wazee wetu waliougua kifua kikuu zamani wanakumbuka. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alilazwa wodini, au alifika kituoni kila siku ameze dawa mbele ya muuguzi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Dk. Karel Styblo, uliponya watu wengi. Ukawa msingi wa ushauri ambao Shirika la Afya Duniani lilizipa nchi nyingine katika miaka ya 1990. Lakini mfikirieni mkulima wa huku kwetu Nduguti: mvua zimeanza, shamba la alizeti linamngoja, naye hana nguvu. Atawezaje kutembea kila siku hadi kituoni?

Kuanzia mwaka 2006 mgonjwa alipewa nafasi ya kuchagua: ameze dawa kituoni, au nyumbani mbele ya msaidizi anayemchagua mwenyewe. Kazi ya muuguzi ikakabidhiwa mke, kaka, mjukuu au jirani.

Tukiri ukweli: wengi wetu hatukufurahi. Tulisema, "Hawa watasahau." Tunamkumbuka binti mmoja aliyemsimamia babu yake. Kila walipokuja, tulihesabu vidonge upya mbele ya watu, tukamhoji mzee kana kwamba binti hayupo, na kadi tukaijaza wenyewe. Baada ya wiki chache mzee alikuja peke yake, naye alikuwa amekosa dawa siku 4. Tulipomfuata binti alituambia kwa upole, "Mama zangu, nilidhani kazi mmeirudisha kwenu."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi, tukakaa naye chini. Aweke alama kwenye kadi baada ya kuona kidonge kimemezwa. Mkojo ukiwa mwekundu asiogope, ni rangi ya dawa. Macho yakiwa ya manjano, au mzee akitapika mfululizo, amlete mara moja bila kungoja tarehe. Kisha tukamwachia. Mzee alimaliza miezi 6, na makohozi yake yalikuwa safi.

Kumwachia mwenzako kazi si kuitupa. Yapo mambo ambayo kituo hakiwezi kuyaachia: kiasi cha dawa, upimaji wa makohozi, na kumtibu mgonjwa anayedhuriwa na dawa. Lakini saa ya kumeza, kabla ya kwenda shamba au baada ya uji, ni mambo ya nyumbani. Anayeshika yote huchoka, na anayenyimwa imani hajifunzi.

Someni Kutoka sura ya 18. Musa aliamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, mpaka Yethro mkwewe akamshauri agawe kazi. Musa hakuacha wajibu wake. Alibaki na mashauri magumu, mengine akawaachia watu waaminifu.

Nanyi nyumbani ni hivyo hivyo. Mama anayeuguza peke yake usiku na mchana kwa sababu "hakuna anayejua kama mimi" atalala kitandani pamoja na mgonjwa wake. Jumuiya ndogondogo ikijitolea kusaidia, ikubalini. Mwelezeni msaidizi kazi yake, mwonyesheni ishara za kuita msaada, pangeni siku ya kuulizana, kisha mwondokee. Akikosea, mrekebisheni faraghani, na kazi ibaki mikononi mwake.

Mkono mmoja haulei mwana, wala haumuuguzi mgonjwa. Tunawatakia afya njema.