Kifo cha Mzee Kabila: nani alimtuma Rashidi?

Januari 16, 2001, Raisi Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi ofisini mwake, Palais de Marbre, Kinshasa. Aliyetajwa kuwa muuaji ni mlinzi wake Rashidi Kasereka, mmoja wa wale kadogo walioingizwa jeshini wakati wa vita vya AFDL.

Rashidi naye aliuawa palepale. Kwa nini hakukamatwa akiwa hai, ndani ya jumba lililojaa askari? Yeye ndiye angeweza kusema nani alimtuma. Serikali nayo ilingoja hadi Januari 18 ndipo ikatangaza kifo, wakati habari ilikuwa imekwisha kuenea duniani kote.

Mahakama ya kijeshi iliwahukumu washtakiwa wengi kwa pamoja, karibu 30 wakapewa adhabu ya kifo. Kati yao alikuwa Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa karibu wa marehemu, ambaye siku zote alikana. Lakini nani alipanga? Kuna wanaotaja Kigali, wengine Luanda, hakuna aliyethibitisha.

Kapend alitoka gereza la Makala Januari 2021, kwa msamaha wa Raisi Tshisekedi. Kesi haikufunguliwa upya.