Kodini bomba, jengeni daftari

Wadau, kuna homa imeingia huku kwetu kati ya Ruiru na Thika. Kila sacco, kila duka la pembejeo lenye matawi matatu, linataka pochi yake lenyewe ya simu. Sababu ni ile ile: kwa nini Safaricom ikate ada wanachama wetu wakilipa, na huku yenyewe inawakopesha?

Hasira naielewa. Dawa ndiyo naikataa.

Tuanze na M-Pesa yenyewe. Ilizinduliwa Machi 2007 kwa mtambo wa Vodafone, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Ndiyo, Ujerumani! Mama mboga wa Makongeni anamtumia jirani mia mbili, hesabu inapigwa Ulaya. Safaricom iliilipa Vodafone ada miaka yote hiyo, mpaka 2020 iliponunua haki zake pamoja na Vodacom. (Mtasema Vodafone ni mwenye hisa, si mshindani. Sawa, lakini kodi ni kodi.) Kilichokuwa cha Safaricom ni laini ya mteja na wakala wa mtaani. Zain walikuja na Zap yao 2009, wakaachwa vumbini.

Sasa Equity. Mei 2010 iliingia M-Kesho na Safaricom. Akaunti ya Equity, sawa, lakini mteja aliifikia kupitia menyu ya Safaricom. Novemba 2012 Safaricom ikazindua M-Shwari na benki nyingine, CBA, na M-Kesho ikabaki jina tu. Je, Equity ilikwenda kusimamisha minara? Wapi! Mwaka 2014 ilipata leseni kupitia kampuni yake ya Finserve, ikakodi mtandao wa Airtel, ndipo ikaja Equitel. Na Airtel ina Airtel Money, kwa hiyo ni mshindani halisi. Safaricom iliipinga ile laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini nyingine, ikisema si salama. Mimi nasema iliuma, kwa sababu safari hii laini na akaunti vyote vilikuwa vya Equity.

Turudi Thika. Pochi yenu maana yake ni mawakala, floti, ruhusa ya Benki Kuu, na mtu wa kupokea simu saa nane usiku mfumo ukilala. Nyinyi mna kijana mmoja aliyemaliza JKUAT juzi. Mtamuua bure.

Kodini nambari ya Paybill, lakini daftari liwe lenu. Nimeingia ofisi moja ambapo rekodi ya malipo ni SMS katika simu ya mweka hazina! Kila malipo yakiingia, seva yenu iyaandike papo hapo: msimbo wa muamala, kiasi, saa, na nambari ya uanachama mliyoitoa nyinyi. Si nambari ya simu. Safaricom ilipoanza kuficha nambari za walipaji mwaka 2022, waliomtambua mteja kwa simu yake walibaki wakikuna vichwa.

Kwa hiyo kabla hamjanipigia tena kuhusu pochi, ulizeni bodi yenu swali moja: tukihamia Airtel Money au PesaLink Jumatatu, tutajua nani amelipa nini tangu Januari? Jibu likiwa hapana, hizo pesa za pochi zina kazi tayari.