Fulana ya kushtua moyo: tusiisifu kupita kiasi
Utafiti wa VEST (2018) wa wagonjwa 2,302 waliotoka kupata shambulio la moyo ulikuta vifo vya ghafla 1.6% kwa waliopewa fulana ya kuvaa inayoushtua moyo mapigo yakivurugika na 2.4% kwa wasiopewa, tofauti isiyothibitika kitakwimu. Kati ya 48 waliofariki katika kundi la fulana, 12 tu walikuwa wameivaa walipofariki! Sasa ongeza joto la Urambo, mkoani Tabora, na betri ya kuchaji kila siku, uone wangapi wangeivaa. Wapo wanaosema hata mmoja akipona inatosha. Sawa, ila ule mshtuko wa fulana unanunua muda tu wa kufika hospitali, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar, kilomita zaidi ya 800 kutoka Tabora kwa reli. Ningeanza na kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na dawa za moyo zisizokatika Sikonge na Nzega.