Shaka Limwendee Nani? Tafakuri Kuhusu Rufani za Askari Waliolemaa

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Maumivu ya askari aliyerejea kutoka vitani nayo ayajuaye ni mwenyewe, ilhali anayeamua iwapo yalitokana na utumishi wake ni mtu aliyeketi mbele ya faili, ambaye pengine hatamwona uso kwa uso. Baina ya maumivu hayo na faili hilo daraja ni moja tu, nalo ni lugha. Ndiyo maana nathubutu kuwaletea wapenzi wa Kiswahili suala ambalo kijuujuu ni la wanasheria: jinsi rufani za madai ya fidia ya ulemavu ya askari wa zamani zinavyoamuliwa nchini Marekani.

Kwa kawaida mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa, kwamba jambo fulani lilimpata akiwa jeshini, na kwamba viwili hivyo vina uhusiano. Akikataliwa, sheria iliyopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika Februari 2019 humpa njia tatu na muda wa mwaka mmoja. Anaweza kuwasilisha dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie faili upya bila ushahidi mpya. Au anaweza kukata rufani kwa Bodi ya Rufani iliyoko Washington. Asiporidhika na uamuzi wa Bodi, ana siku 120 za kwenda katika mahakama maalumu ya rufani za askari wa zamani. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo, milango ya mahakama ilikuwa imefungwa kwa takriban madai yote ya aina hii.

Katika mambo yale matatu, aghalabu la tatu ndilo huwatoa wadai jasho, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutega sikio. Daktari akiandika kuwa maradhi ya mgongo "huenda" yalitokana na utumishi, maoni yake yanaweza kutupwa kwa kuwa ni ya kubahatisha. Akiandika kuwa uwezekano wa maradhi kutokana na utumishi ni sawa na ule wa kutotokana nao, au unauzidi, na akatoa sababu zake, mizani imekwisha kuinama. Mgonjwa ni yule yule, na mgongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kauli. Sisi tuliozoea kujadili hali katika kitenzi, na tofauti ya huenda, yamkini na bila shaka, twadhani ni mazoezi ya darasani. La hasha! Kuna mahali ambapo kauli za namna hiyo hulisha au hunyima familia.

Nguzo ya mfumo huu ni kanuni moja ambayo kwangu mimi ina utu mwingi. Ushahidi wa pande mbili ukikaribiana kwa uzito, mdai ndiye ashindaye. Katika kesi ya madai ya kawaida, anayedai hushindwa mizani ikisimama sawa, hapa hushinda. Mwaka 1990, katika kesi ya Gilbert, mahakama ile iliifananisha kanuni hii na besiboli ya watoto uwanjani: mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, mkimbiaji huhesabiwa amefika. Dola iliyompeleka mtu vitani ndiyo inayobeba hatari ya kukosea, si yeye.

Umuhimu wa kanuni hiyo waonekana tukikumbuka moto wa Julai 1973 ulioteketeza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi katika hifadhi ya St. Louis. Askari ambaye faili lake liligeuka majivu atathibitisha nini? Mahakama ilishikilia kuwa katika hali kama hiyo Bodi ina wajibu mzito zaidi wa kueleza sababu za uamuzi wake na kufikiria kanuni ya shaka kwa makini.

Hata hivyo, kanuni njema bila mlinzi ni nyumba isiyo na mlango. Machi 2025, katika kesi ya Bufkin, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa swali la iwapo ushahidi umekaribiana kwa uzito ni, kimsingi, swali la ukweli wa mambo. Kwa hiyo mahakama ya rufani haipaswi kuupima ushahidi huo upya. Itaingilia kati tu pale ambapo kosa la Bodi ni la wazi. Watetezi wa msimamo huu wana hoja: Bodi ndiyo iliyopokea ushahidi, na mahakama ikipima kila faili upya, foleni ambayo tayari ni ndefu itarefuka zaidi. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini naona kuwa shaka ambalo sheria ilimpa askari sasa limo mikononi mwa yule yule aliyemnyima haki, na kosa dogo lisilo "wazi" litampita hakimu likiwa limevaa nguo za uamuzi halali. Ikiwa mahakama haitapima upya, basi angalau idai maelezo kamili: Bodi iseme kwa lugha nyoofu ushahidi upi ulizidi, na kwa nini.

Je, haya yatuhusu nini? Kiswahili kiliwaunganisha askari wa King's African Rifles waliopelekwa hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi ya Jamhuri yetu. Lugha rasmi haina budi kuweza kusema haki kwa usahihi. Tukiitafsiri kanuni ile neno kwa neno tutapata "faida ya shaka", maneno yasiyomwambia mzee wa kijijini chochote. Napendekeza tuseme: shaka humwendea mdai. Wanaistilahi na waipime, waikosoe, walete bora zaidi. Aliyetoa mguu wake kwa ajili ya nchi asikose haki yake kwa kukosa neno.